Hataza na alama ya biashara si kitu kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi. Kila kesi ya kuigana bidhaa inaporipotiwa, waandishi huandika "hakimiliki" tu, iwe ni hataza (haki juu ya uvumbuzi) au alama ya biashara (jina na nembo ya bidhaa). Mimi natengeneza sabuni, na neno hilo liliniponza. Mshindani alipotoa sabuni yenye jani lilelile la kijani kwenye karatasi, jina likitofautiana na langu kwa herufi moja tu, nilikimbilia kwa wakili na daftari la mchanganyiko wangu. Akalifunga. "Nionyeshe cheti cha alama ya biashara." Sikuwa nacho.

Hataza hulinda uvumbuzi, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya maombi. Alama huhuishwa tena na tena, na kwenye kesi yake swali kubwa ni kama mnunuzi atachanganyikiwa. Nililia kwa uchungu kulijua hilo nimeshachelewa.

Kesi hizi si mchezo hata kwa wakubwa: Polaroid iliishtaki Kodak mwaka 1976 kwa hataza za kamera za picha za papo hapo, na mwaka 1986, baada ya kushindwa, Kodak ikaacha biashara hiyo.

Tafadhali andikeni majina sahihi ya haki hizi. Sisi wasomaji ndio tunaoyabeba hadi kwa wakili.

Mtengenezaji sabuni