Barua kwa kaka yangu: mwache binti aende Mafinga

Shikamoo kaka,

Ujumbe wako wa sauti wa kukataa binti yako asiende mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nimeusikiliza wote, hadi pale ulipouliza kama hao waliopanga majina hawana watoto wa kike. Nakujibu hadharani kwa sababu haupo peke yako. Kila mwaka majina ya wahitimu wa kidato cha sita yakitoka, wapo wazazi wa mabinti wanaoanza kuulizia cheti cha daktari.

Kaka yake binti alipoitwa kambi ya Oljoro ulichinja mbuzi. Ukawaambia wageni kijana anakwenda kukomaa. Leo mdogo wake kapangiwa Mafinga, na neno lako ni "watamharibu". Mafunzo si ni yaleyale, na miezi si ni ileile mitatu?

Mimi na wewe hatukupita JKT, ndiyo maana tunaongozwa na maneno ya mtaani. Mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, yalisimama mwaka 1994 yakarudi 2013, na shule tulimaliza katikati hapo. Mama alipita. Muulize mchakamchaka wa alfajiri ulikuwaje, na jembe lililofuata. Hadi leo akikunja blanketi kona zinasimama kama za tofali. Sijawahi kumsikia akisema alipunguziwa kwata kwa kuwa ni msichana.

Ubishi wa maana kuhusu jambo hili ulishatokea. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu wakipinga mpango wa JKT wa miaka miwili, ambao kwa miezi 18 ungewaachia 40% tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20%. Kwa maoni yangu aliwaonea kuwafukuza, lakini swali lao nalipenda: nchi inatudai nini, na kwa muda gani?

Hilo ndilo swali, wala si jinsia. Itazame Eritrea. Sheria yao ya 1995 inataka miezi 18 ya kulitumikia taifa, wanaume kwa wanawake. Tangu vita na Ethiopia vya 1998 mwisho wake haujulikani. Mwaka wa mwisho wa sekondari wenyewe wanausomea katika kambi ya kijeshi iitwayo Sawa. Msichana akiolewa au akipata mimba mara nyingi huachiwa, kwa hiyo wapo wanaokimbilia ndoa wakiwa wadogo ili wasiende. Umeona huruma ya kuwasamehe wasichana inawafikisha wapi? Norway nao wamewajumuisha wanawake katika jeshi la lazima tangu 2015, ila muda unafahamika na wanaochukuliwa ni wachache.

Sasa hofu yako yenyewe, ile ambayo hukuitaja: afande mwenye cheo kumwita kuruta pembeni usiku. Hiyo siicheki hata kidogo. Cheo na giza vikikutana, mtoto wa mtu anaweza kuumia. Lakini dawa yake si kumficha binti nyumbani, maana kesho atakutana na bosi ofisini na mhadhiri chuoni. Siku ya kumpeleka, uliza hanga, yaani bweni, la wasichana linasimamiwa na nani, na akipata tatizo anaripoti kwa nani zaidi ya huyo aliyemkosea. Uliza kwa sauti, afande asikie. Tena hayo ulipaswa kuyauliza hata kwa yule wa kiume. Hukuuliza, na wavulana nao huumizwa wakanyamaza.

Jambo jingine: matangazo ya ajira za vyombo vya ulinzi na usalama mara nyingi hutaka cheti cha JKT. Ukimzuia leo, usije ukashangaa kesho kwamba wanaoajiriwa ni watoto wa wenzio.

Mimi shangazi yake nina sauti katika hili, na nimeamua. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako. Bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari na raba ni juu yangu. Sweta nanunua mbili, Mafinga mwezi wa sita si mchezo. Nitumie namba ya kiatu chake kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nakwenda Kariakoo.