Kabla hujashukuru, toa kinyongo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema usingizi unakatika saa tisa za usiku, presha haishuki vizuri ingawa dawa unameza, na kila unayemweleza anakwambia umsamehe aliyekudhulumu kisha uhesabu neema ulizo nazo. Ushauri huo ni wa kweli, ila wamekupa nusu yake. Hakuna aliyekueleza msamaha unafanywaje, na shukrani wameileta kabla ya zamu yake.

Nianze na mwili, maana ndio unaokuamsha. Watu hupenda kumtuliza mwenye uchungu kwa kusema yaliyopita si ndwele. Kwa mwili, yaliyopita ni ndwele kila yanapokumbukwa kwa hasira. Ukirudia kichwani maneno aliyokutolea, ubongo unawasha tahadhari ile ile ya siku ya tukio: adrenalini na kotizoli, homoni za mfadhaiko, zinamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, misuli inakaza. Hali hiyo imekusudiwa idumu kwa muda mfupi, mtu apigane au akimbie. Kinyongo kinairudisha usiku baada ya usiku, na chumbani hamna wa kupigana naye.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte vanOyen Witvliet na wenzake wa Chuo cha Hope, Marekani, waliwataka wanafunzi 71 wawafikirie watu halisi waliowaumiza. Walipoyarudia maumivu na kukuza kinyongo, paji la uso lilikunjamana, jasho la ngozi liliongezeka, mapigo ya moyo na presha vikapanda. Walipomfikiria mtu yule yule kwa huruma na kwa nia ya kumsamehe, mwili ulikuwa mtulivu zaidi. Lililo zito kwangu ni hili: hata walipoambiwa waache kuwaza na wapumzike, mwili uliotoka kwenye kinyongo ulichelewa kutulia. Huenda ndiyo maana ugomvi unaouwaza wakati wa kulala unakuamsha usiku.

Sasa, unauogopa msamaha kwa sababu unadhani utakulazimisha urudi kwa aliyekudhulumu. Haukulazimishi. Kusamehe ni kazi ya mtu mmoja, kupatana kunataka wawili, na aliyekukosea asipobadilika huna deni la kupatana naye. Unaweza kumsamehe na bado ukadai haki yako, ukafuata sheria, ukakataa kumpa tena fedha au siri zako. Watafiti James McNulty na wenzake walionyesha kwamba mtu anayemsamehe haraka mwenzake asiyeonyesha kujirekebisha huendelea kukosewa, na heshima aliyo nayo kwa nafsi yake hushuka. Kwa hiyo mpaka wako uweke kwanza. Na kama mtu bado anakuumiza leo, kazi ya leo ni kujikinga. Msamaha utasubiri.

Everett Worthington, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, Marekani, ametenganisha misamaha miwili, na utenganisho huu utakuokoa na kukata tamaa. Upo msamaha wa uamuzi: naazimia kwamba sitalipiza kisasi na nitamtendea kama mwanadamu. Huo unaweza kuufanya jioni moja. Halafu upo msamaha wa hisia, pale hasira inapopungua na huruma kuingia, na huo huchukua wiki au miezi. Wengi hufanya wa kwanza, kesho yake wanaamka na hasira, wanaamua kwamba hawakusamehe kwa dhati na kuacha. Hawakushindwa. Wa pili ulikuwa bado njiani.

Worthington amewafundisha watu wengi hatua 5 za kusamehe, na mwaka 1996 alilazimika kuzipita mwenyewe mama yake mzazi alipouawa na mtu aliyevamia nyumba. Kabla ya hatua hizo mimi ningeongeza siku 4 za kuandika, kwa njia aliyoianzisha mwanasaikolojia James Pennebaker katika miaka ya 1980. Siku 4 mfululizo, dakika 15 hadi 20 kila siku, andika tukio na ulivyojisikia bila kuinua kalamu, bila kujali tahajia, karatasi usimwonyeshe mtu. Ujue mapema kwamba ukimaliza kuandika utajisikia mnyonge zaidi kwa saa moja au mbili. Nafuu huja baadaye. Kwa hiyo usiandike kitandani. Na ukiona jambo fulani linakuzidi nguvu, liache, andika lingine.

Baada ya hapo zifuate hatua zenyewe. Kwanza likumbuke kosa kama lilivyotokea, sentensi chache tu, ukitaja alichofanya na ulichopoteza, bila kumtukana. Ya pili ndiyo ngumu na ndiyo inayobeba mzigo wote: kutazama kutoka upande wake. Weka viti viwili. Kaa kimoja useme yako yote kwa sauti kana kwamba yupo mbele yako, kisha hamia cha pili ujibu kama yeye: alikuwa anaogopa nini, alibanwa na nini, alijidanganya vipi. Hapa humtafutii udhuru. Unachotafuta ni kumwona kama mtu, kwa kuwa hasira hulishwa na picha ya jitu lisilo na sababu. Kama hakuna huruma inayokuja, usiilazimishe. Rudia siku nyingine. Wanaoruka hatua hii wanabaki na maneno ya msamaha mdomoni na taya zilizokaza.

Ya tatu, kumbuka siku ambayo wewe ulikosea ukasamehewa, ulivyojisikia mwepesi, na uamue kama uko tayari kumpa yeye wepesi huo ingawa hakuustahili. Ya nne, andika uamuzi wako na tarehe, au mwambie mtu mmoja unayemwamini. Aliyekukosea huna lazima ya kumwambia, na mara nyingi ni bora usimwambie, kwa sababu asiyeona kosa lake atasikia “nimekusamehe” kama shutuma na ugomvi utaanza upya. Ya tano ni kushikilia: kumbukumbu ikija na kuuma, soma ile karatasi. Maumivu ya kumbukumbu hayamaanishi kwamba kinyongo kimerudi.

Tenga wiki 6 hadi 8, mara moja au mbili kwa wiki. Tafiti za njia hizi zinakubaliana kwamba anayetumia muda mrefu zaidi hupata zaidi, kwa hiyo usiamini warsha ya saa moja.

Shukrani sasa. Ukiileta mapema, wakati donda bado bichi, inageuka kujikemea: wengine wana shida kuliko zangu, mimi nalalamika nini. Hiyo ni kujinyamazisha. Ianze ukishamaliza ile ya viti.

Watafiti Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambamo watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Ikilinganishwa na walioandika kero, waliridhika zaidi na maisha, walilalamika kidogo kuhusu maumivu ya mwili na walifanya mazoezi zaidi. Katika jaribio lao jingine, lililowahusu wenye maradhi ya neva na misuli, hata usingizi uliongezeka. Martin Seligman na wenzake walitumia mambo matatu kila usiku kwa wiki moja, kila jambo na sababu yake. Mimi ningekushauri hivi: wiki ya kwanza kila usiku, kisha mara moja kwa wiki. Mtafiti mwingine, Sonja Lyubomirsky, aliona kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Mazoea huua ladha.

Kinachoharibu zaidi ni kuandika kwa jumla. “Nashukuru kwa afya, familia, uhai” haitakusaidia kitu ifikapo usiku wa tatu. Andika mtu, kitendo na sababu: nani alikupigia simu, alisema nini, kwa nini alijisumbua. Usiku usio na la kuandika, chukua mtu mmoja unayempenda na uwaze jinsi ambavyo msingeonana kamwe, kisha rudi.

Na mwandikie barua mmoja aliyekusimamia katika jambo hili, kama maneno 300, umsomee ana kwa ana. Utaona haya. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waligundua mwaka 2018 kwamba waandikaji hukadiria aibu ya mpokeaji kupita kiasi na furaha yake chini ya ilivyo. Furaha utakayopata wewe ni kubwa lakini hufifia baada ya wiki chache, hivyo usiitegemee peke yake.

Faida za haya yote ni za kiasi. Dawa ya presha usiiache hata siku moja. Pima asubuhi na jioni, ukiwa umekaa kimya dakika 5, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, uandike namba zote umpelekee daktari. Na kama huzuni itakuzuia kula au kufanya kazi kwa wiki mbili mfululizo, au ukianza kuwaza kufa, usiendelee na kalamu peke yako. Nenda kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Siku 4 za kuandika zianze wiki ambayo huna safari wala mgeni. Ukimaliza ya nne, niandikie unavyolala.

Nisalimie wote hapo.

Wako akupendaye,
Rafiki yako