Nimepewa mshumaa wa furaha, na furaha sina

Shangazi, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam, na naimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu.

Mama yangu alifariki mwaka jana, tarehe 16 Desemba 2024, siku moja tu baada ya Dominika ya tatu ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi; ni ile Dominika ya furaha, padre anapovaa rangi ya waridi. Basi la kwenda Moshi lilijaa watu wanaokwenda kula Krismasi, mizigo hadi njiani, nyuma kuna mtu kafungulia nyimbo za Noeli kwenye simu, mimi nimekaa dirishani na kanga mdomoni. Tulimzika migombani, pembeni ya baba. Mbuzi aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya sikukuu ndiye tuliyemla msibani.

Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio mama alikuwa anapiga simu. Salamu hata hazimaliziki: "Mnakuja lini? Mbuzi ameshanenepa." Mwaka huu, siku hiyo, niliiweka simu mezani tangu tulipotoka misa ya kwanza. Nilijua haitalia. Niliiweka tu.

Sasa Jumamosi, kwenye jumuiya, mwenyekiti ametangaza kwamba Dominika ya tatu, tarehe 14, zamu ya kuwasha mshumaa kwenye taji la Majilio, lile lenye mishumaa minne, ni yetu, na familia iliyochaguliwa ni ya kwangu. Akina mama wakapiga vigelegele. Binti yangu wa miaka tisa akaruka. Ingekuwa mmojawapo wa ile mitatu ya zambarau ningewasha bila neno. Tumepewa ule wa waridi.

Shangazi, kuna jambo sijamwambia mtu. Majilio ndiyo imekuwa nafuu yangu. Zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, maua machache altareni, kanisa zima linangoja kimya kimya. Madukani nyimbo za Krismasi zinapigwa tangu Novemba. Nikitoka huko nikiingia kanisani, ndipo napumua. Ninachoogopa ni hiyo Jumapili moja ambayo kanisa lenyewe nalo litaniambia nifurahi.

Nilimdokeza mama mmoja wa jumuiya. Akanijibu, "Mwaka umeshapita, mwenzangu. Ukiendelea kununa unamkosea Mungu." Lakini mimi sinuni! Napika, naenda kazini, naimba, ingawa mwalimu wa kwaya kila mazoezi ananiambia nikunjue uso. Padre alituhubiria kwamba Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi na huku mwenyewe yuko kifungoni. Nilimwelewa. Ila Paulo hakuambiwa asimame mbele ya waumini wote ameshika kiberiti.

Mume wangu anasema mwaka huu tusiende Moshi, tupumzike hapa hapa. Ana nia njema, lakini nikiwaza ule mlango umefungwa na majani yameota kizingitini, hata kubaki nashindwa. Hilo tutalimaliza wenyewe.

Ninaloomba ushauri ni la mshumaa. Nimwambie mwenyekiti atafute familia nyingine? Binti atalia, na jumuiya itanisema hadi Pasaka. Nimwachie mtoto awashe, mimi nibaki kwenye benchi la kwaya? Au niende na uso huu huu, na nikienda hivyo, siyo unafiki?

Kuna kitenge nilichokuwa nimemnunulia mama kwa ajili ya Krismasi ile. Bado kimo kwenye mfuko wake, kabatini. Jana usiku binti alikuwa anatafuta soksi, akakikuta. Akauliza kama kinatosha kushona gauni mbili, la kwake na la kwangu, tuvae siku ya mshumaa. Nikamwambia nitamjibu kesho. Leo asubuhi nimetoka nyumbani kabla hajaamka.

Sauti ya Pili,
Dar es Salaam