Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulituagiza tuache kurukaruka, tushike mada moja mwaka mzima. Kamati ikachagua historia ya Ugiriki baada ya vita vya uhuru dhidi ya dola ya Waothmani (Waturuki). Wapo walioguna, eti Ugiriki inatuhusu nini. Kufika kikao cha pili, hao hao ndio waliokuwa hawataki kutoka ukumbini.

Tulianza na Ioannis Kapodistrias, aliyetua Nafplio Januari 1828 kuongoza nchi isiyo na hazina wala jeshi la kueleweka. Akatoa sarafu, akajenga shule, akataka kodi iingie serikalini badala ya mifukoni mwa wakubwa wa maeneo. Hapo akawagusa akina Mavromichalis, ukoo uliotamba kule Mani, kusini mwa Ugiriki. Mzee wao, Petrobey, akatiwa ndani. Asubuhi ya Oktoba 9, 1831, Kapodistrias akielekea ibadani, ndugu wa Petrobey na mwana wa Petrobey walikuwa wanamsubiri kwenye mlango wa kanisa. Wakamuua kwa risasi na kisu. Mimi naona alikosa subira tu. Katibu anapinga, na muhtasari umeandika hivyo.

Kwa Mfalme Otto tulipita haraka: kijana wa miaka 17 kutoka Bavaria, dola ya Kijerumani, aliyefika 1833 na askari wa kwao, nyuma yake mkopo wa faranga milioni 60 uliodhaminiwa na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Chuo kikuu cha Athens kilifunguliwa 1837. Katiba ndiyo aliikalia, mpaka jeshi na raia walipomzingira ikuluni Septemba 3, 1843.

Moto uliwaka tulipofika kwenye bunge la katiba. Mgiriki aliyezaliwa nje ya mipaka ya ufalme, apewe kazi ya serikali? Wenyeji walisema damu tumemwaga sisi, hawa wasomi wamekuja kukalia viti. Januari 1844 akasimama Ioannis Kolettis, mwenyewe mzaliwa wa Epirus, nje ya mpaka: ufalme huu si Ugiriki yote, ni kipande chake kidogo na maskini kuliko vyote. Hotuba ile ndiyo iliyoipa jina la Wazo Kuu (Megali Idea) ndoto ya kuwaunganisha Wagiriki wote katika dola moja, ndoto iliyowafikisha Anatolia, Uturuki ya leo, na kuwavunja 1922. Wageni hata hivyo hawakupona. Azimio liliwafungia wengi ofisi za umma kwa miaka kadhaa.

Upande wa wenyeji ulipata watetezi wengi ukumbini, hadi mwenzetu mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wetu alipouliza, "Hata mimi?" Kikao kilichofuata walirudi wote, naye akiwamo.

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina. Waliokopa vitabu wavirudishe kabla ya chai.