Kwa mdogo wangu: itazame mechi ya sita

Mdogo wangu,

Unasema kwenye mashindano yajayo ya sataranji (chess) hutaanza na kitunda kingine, yaani kete ndogo ya mstari wa mbele, ila kile cha mbele ya mfalme, kwa sababu ndivyo alivyocheza Bobby Fischer, yule Mmarekani. Ni kweli, karibu maisha yake yote alianza na e4, yaani kukisogeza kitunda hicho hadi nyumba ya safu e, mstari wa 4. Lakini panga kete uipitie mechi ya sita aliyocheza na Boris Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo, kule Reykjavik, Iceland, Julai 23, 1972. Sijaona mchezo mzuri kuuzidi huo.

Walikuwa sare, pointi mbili na nusu kila mmoja, wakigombea ubingwa wa dunia. Fischer, mwenye kete nyeupe, akaiacha e4 akasogeza c4! Hatua chache baadaye wakawa ndani ya Gambiti ya Malkia, ufunguzi ambao nyeupe husogeza d4 na c4, na Spassky akajibu kwa njia iitwayo Tartakower, ile ya kusogeza b6, aliyoizoea mno.

Hapo naomba utulie. Acha kukariri hatua, tazama vitunda. Baada ya kulana pale c5, Spassky alibaki na vitunda viwili, c5 na d5, visivyo na kitunda kingine cha kuvilinda. Vikisonga kwa wakati wake vinamtesa mpinzani. Vikizuiwa, vinakuwa mzigo. Fischer hakuvirukia. Farasi wake alimla askofu wa e6, kisha hatua ya 20 akasukuma e4. Spassky akapitisha d4, na kosa ni hilo: askofu wa Fischer akapata c4 pa kukaa bila kusumbuliwa, akiutazama upande wa mfalme. Vitunda vyake vya e na f vikapanda, ngome zake zote mbili zikapangwa kwenye safu ya f. Hatua ya 38 ngome moja ikajitoa mhanga f6. Ya 41 Spassky akasalimu amri. Ukumbi ukapiga makofi, na yeye mwenyewe akapiga. Namheshimu sana kwa hilo.

Halafu, hatua ya 14, askofu kwenda b5, Fischer hakuibuni. Mchezaji Furman aliicheza dhidi ya mwenzake Geller mwaka 1970, na Geller huyo huyo ndiye aliyekuwa msaidizi wa Spassky Reykjavik. Mwaka 1973 mchezaji mwingine, Timman, alipoirudia dhidi yake, Geller akapeleka malkia b7 na kushinda kwa kete nyeusi. Kwa hiyo ukitaka kuutumia ufunguzi huu, tafuta kwanza utafanya nini malkia akienda b7. Jumapili njoo na ubao, nyeusi nitashika mimi.

Kaka yako