Mshahara wa kaka yetu unaingia kwenye akaunti yangu

Mheshimiwa Mshauri,

Naomba unisaidie katika jambo linaloninyima usingizi tangu barua ya benki iniwasilie wiki iliyopita.

Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kwanza mjini Leipzig, Ujerumani. Fedha zangu za kujikimu ziliwekwa kabla ya safari katika akaunti iliyofungwa kwa sharti la viza, nazo huachiliwa euro 992 kila mwezi kuingia katika akaunti yangu ya kawaida. Mwezi wa pili baada ya kufika kwangu, Mtanzania mwenzetu, mtu mzima ninayemwita kaka, aliomba mshahara wake upitie kwangu, kwa sababu mwajiri wake halipi taslimu na benki aliyoiendea ilimkataa kwa ajili ya karatasi zake za ukaazi. Nilikubali papo hapo. Ndiye aliyenipokea kituo cha treni na kunisindikiza kuandikisha makazi, na kwetu kumpokelea mtu fedha kwenye simu, kisha ukamtolea kwa wakala, ni jambo la kila siku.

Huku sivyo. Kampuni ya bima ya afya hujichotea ada yenyewe katika akaunti kwa idhini niliyoitia saini, wala haiulizi fedha zilizomo ni za nani. Mwezi uliopita ilichota katikati ya mwezi, zangu zikiwa zimekwisha kwa kodi, hivyo kilichokatwa ni mshahara wa kaka ulioingia asubuhi ileile. Nilimrudishia baada ya wiki mbili, lakini uso wake siku ile haujanitoka. Sasa benki inataka nieleze kwa maandishi fedha za mwajiri huyo ni za nani, ilhali siku ya kufungua akaunti nilithibitisha kwamba ninaitumia kwa ajili yangu mwenyewe.

Nimesoma kwamba tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, wakiwamo waombaji hifadhi na hata wale ambao hawana kibali lakini hawawezi kurudishwa kwao, haki ya kufungua akaunti ya msingi, yaani Basiskonto. Benki ikishapokea fomu iliyojazwa inapewa siku 10 za kazi, na ikikataa sharti itoe sababu kwa maandishi. Kaka alikataliwa kwa mdomo tu, dirishani, na fomu hakupewa. Nilipomweleza haya alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kama nimemchoka niseme wazi.

Je, niijibu benki ukweli wote sasa hivi, au nimsubiri kwanza apate akaunti yake, nikijua kwamba kila mwezi unaopita unanizamisha zaidi? Na nimwambie nini mtu aliyenipokea nikiwa sijui hata njia, ili akubali tuongozane naye benki na fomu mkononi, bila kuona kwamba ninamfukuza?

Msomaji wako,
Leipzig