Wakati ujao umefika, lakini haukukisoma kidole changu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa nikifundisha fizikia Tabora, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa naamini gazeti lina wenyewe na kazi ya msomaji ni kusoma. Ile makala yenu ya ukurasa mzima, yenye picha ya roboti anayetabasamu, iliyotangaza kwamba ndoto zote za waandishi wa bunilizi za kisayansi zimetimia na sasa zimo mifukoni mwetu, imenivunjia ukimya huo.

Mwandishi wenu anasema Jules Verne, mtunzi wa riwaya Mfaransa, aliitabiri safari ya mwezini. Ni kweli kwamba katika riwaya yake ya mwaka 1865 watu watatu wanarushwa kutoka Florida, na mwaka 1969 watu watatu wa Apollo 11 waliondokea hukohuko Florida. Alichokiruka ni kwamba watu wa Verne walifyatuliwa kwa mzinga mkubwa, kama risasi, na mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha tatu angekukokotolea ule mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka ghafla, na kukuonesha kuwa abiria wangekuwa uji kabla hawajatoka kwenye mtutu. Kuhesabu yaliyolenga na kuyafumbia macho yaliyokosa ni kazi ya wapiga ramli. Kama mlimtaka aliyelenga kweli, yupo Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa bunilizi za kisayansi, ambaye mwaka 1945, tena katika makala ya kiufundi wala si hadithi, alieleza kwamba setilaiti ikiwekwa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta itazunguka sambamba na dunia na kuonekana imetulia mahali pamoja. Ndiyo maana dishi la jirani yangu hapa Ujiji halihitaji kugeuzwa kufuata kitu angani, isipokuwa kunguru wakitua juu yake.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mwezi uliopita simu yangu ilitumbukia ziwani pale Kibirizi nilipokuwa nikishuka kwenye boti, nikaenda kwa wakala mmoja mwenye mwavuli na kimeza pale Mwanga ili nirudishiwe laini yangu. Kijana alinipokea kwa adabu, akaniamkia, akaandika namba yangu ya kitambulisho cha Taifa, tarakimu zote 20, kisha akaniomba kidole gumba. Mashine ikakikataa. Akaniambia nikifute kwenye suruali, ikakataa. Akanipaka mafuta ya kujipaka kutoka kwenye kikopo alichokiweka hapo, nadhani kwa ajili ya watu kama mimi. Ikakataa tena, ikatoa taa nyekundu. Tukajaribu vidole vyote 10, kimoja kimoja, foleni ikiwa nyuma yangu na akina mama wakitoa ushauri, hadi kijana akakishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga na kusema kwa huruma, "Mzee, alama zako zimefutika." Zimefutika kwa chaki ya miaka 34 na kwa jembe la shamba la mihogo nililolishika baada ya kustaafu, yaani zimefutwa na kazi. Siku ya pili niliambiwa mtandao unasumbua. Siku ya tatu mtandao ulikuwepo, mimi ndiye sikuwepo, maana vidole vilikataa vilevile. Siku ya nne nikashauriwa, bila mzaha, nije na mtu mwenye vidole vizuri. Nikaja na mjukuu wangu wa miaka 19, ambaye hajawahi kushika kitu kigumu kuliko rimoti. Akagusisha mara moja, taa ya kijani ikawaka, akaondoka na laini mpya, yenye namba mpya, kwa jina lake. Namba niliyoitumia miaka yote, ambayo kila niliyemfundisha anaijua, imebaki hewani bila mwenyewe.

Ipo filamu ya mwaka 1982, Blade Runner, ambayo hadithi yake iliwekwa Los Angeles mwezi Novemba 2019. Humo magari yanaruka angani, na kuna kifaa kinachotazama jicho la mtu huku akiulizwa maswali, ili kubaini kama ni binadamu halisi au wa kutengenezwa. Novemba hiyohiyo ya 2019 hapakuwa na gari lililoruka juu ya Kigoma, bali tulikuwa kwenye foleni za kusajili laini kwa alama za vidole, na mimi nilipita kwa tabu mara ya tano. Kipimo cha utu, basi, kilifika kwa wakati kabisa. Magari ndiyo yaliyochelewa. Mwandishi wenu hakuliona hilo. Wala hakuona kwamba kitu kilichobadilisha maisha yetu kuliko vyote, yaani kutuma fedha kwa simu, huduma ambayo hapa Afrika Mashariki ilianzia Kenya mwaka 2007, sijakikuta katika bunilizi yoyote niliyowahi kusoma: mama muuza dagaa analipwa kwa kitochi kisicho na intaneti, kwa kubonyeza nyota na reli.

Nikiwa bado na karatasi, naomba pia mchague neno moja. Katika makala ileile nimehesabu akili bandia, akili unde na akili mnemba, kana kwamba ni ndugu watatu, ilhali yote ni majina ya kitu kimoja, kile Waingereza wanachokiita "artificial intelligence". Na "roboti" mnayemchora akitabasamu alipewa jina katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa. Mkoa huu, ambao babu zetu walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge wakaitwa manamba, haukuhitaji filamu kuelewa mtu kugeuzwa tarakimu.

Napendekeza yafuatayo. Kila wakala awe na bakuli la maji ya vuguvugu, kipande cha limau na daftari la kurasa 96, ambamo mjumbe wa nyumba kumi au mtu mwingine mwenye macho aruhusiwe kuandika, "Namfahamu mzee huyu, ndiye," na maneno hayo yawe na nguvu sawa na taa ya kijani. Na mwandishi wenu, kabla ya makala nyingine ya wakati ujao, aje alime nami mihogo kwa wiki mbili, kisha tumpeleke Mwanga akaguse mashine.

Mkihitaji ufafanuzi, namba mpya ya simu ipo nyuma ya bahasha. Atakayepokea ni mjukuu wangu, kwa kuwa laini ni yake; mwombeni kwa upole aniite.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.